Kutathmini Nafasi ya Sataranji bila Kuhesabu Ubao Mzima Upya

Muuza nyanya wa soko la Kibuye, hapa Kisumu, hahesabu mafungu yake yote kila anapouza moja. Hupunguza moja katika hesabu aliyo nayo kichwani. Programu ya sataranji nayo ifanye vivyo hivyo, kwa kuwa hupima maelfu ya nafasi, yaani mipangilio ya kete ubaoni, kila sekunde, ilhali hatua moja hugusa miraba michache tu kati ya 64.

Kwanza, ipe kila kete thamani: askari 100, farasi 320, askofu 330, ngome 500, malkia 900. Kisha andaa kwa kila aina ya kete jedwali la namba 64 za kuonyesha faida au hasara ya kusimama kwenye kila mraba. Jumla ya kila upande ni thamani za kete zake pamoja na alama za miraba zinaposimama. Farasi mweupe akitoka g1 kwenda f3, na jedwali linaipa g1 -40 na f3 10, jumla ya mweupe hupanda kwa 50 bila kete nyingine kuguswa. Kete ikiliwa, ondoa thamani yake pamoja na alama za mraba wake. Kabla ya kucheza hatua, hifadhi jumla iliyopo, ili kuirudisha hatua kuwe ni kuirejesha namba hiyo tu.

Makosa hujificha hapa. Mimi nilimwongeza malkia askari alipofika mstari wa nane, nikasahau kumwondoa askari mwenyewe, na programu ikajiona tajiri kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo, wakati wa majaribio, hesabu ubao mzima baada ya kila hatua ulinganishe. Majibu yakitofautiana hata kwa alama moja, programu isimame papo hapo.

Mpangilio wa askari hubadilika kwa nadra, hivyo matokeo yake yahifadhiwe kwenye kumbukumbu kwa ufunguo (namba ya kuutambulisha mpangilio) wa aina aliyoieleza mwanasayansi wa kompyuta Albert Zobrist mwaka 1970: kila askari katika kila mraba ana namba yake ya nasibu ya biti 64, na namba hizo huunganishwa kwa XOR, yaani kulinganisha biti za namba mbili na kuandika 1 pale tu zinapotofautiana.

Usalama wa mfalme, ambao ni ghali kuukokotoa, uje mwisho. Ikiwa jumla ya awali iko mbali nje ya mipaka ya alfa na beta, yaani alama ya chini na ya juu ambazo kati yake tu jibu linaweza kubadili uamuzi wa programu, uruke kabisa. Lakini umbali huo uzidi alama kubwa kabisa ambayo sehemu iliyorukwa inaweza kutoa, la sivyo programu haitaiona thamani ya kafara inayomwacha mfalme wa adui wazi.