Watu wameugua baada ya mkusanyiko: anza hivi

Simu ya kwanza inayomfikia mchunguzi wa mlipuko wa ugonjwa huwa fupi: watu kadhaa wanaharisha na kutapika, na wote walikuwa kwenye shughuli moja. Kabla hujatoka, uliza shughuli ilifanyika lini na dalili zilianza saa ngapi. Halafu agiza mabaki ya chakula na vinywaji yasimwagwe, na vyombo visioshwe. Niliwahi kufika mahali nikakuta masufuria yanang'aa. Wenyeji walidhani wananirahisishia kazi.

Hatua ya 1: Waone wagonjwa mwenyewe

Usitegemee masimulizi. Zungumza na watano au kumi, linganisha dalili zao, na hakikisha sampuli za kinyesi zinachukuliwa kabla hawajaanza antibiotiki. Aliyeishiwa maji mwilini anatibiwa kwanza, dodoso litangoja.

Hatua ya 2: Amua nani anahesabiwa mgonjwa

Andika kwa sentensi moja, kwa mfano: "Yeyote aliyehudhuria shughuli ya Jumamosi, akatapika au kuharisha mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, kati ya Jumamosi jioni na Jumanne usiku." Usiingize humo kitu unachokishuku. Ukiandika "aliyekunywa juisi", wagonjwa wako wote watakuwa wanywaji wa juisi, na utakuwa umejidanganya mwenyewe.

Hatua ya 3: Orodha, kisha grafu

Kila mtu mstari wake: umri, jinsia, anakoishi, saa dalili zilipoanza, sampuli. Kisha chora wagonjwa wangapi walianza kuugua kila baada ya saa kadhaa. Karatasi ya miraba inatosha. Kilima kimoja kinachopanda ghafla huashiria kwamba wote walipata ugonjwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Vilima vinavyofuatana huashiria kwamba sasa wanaambukizana wao kwa wao.

Muda nao unasema mengi. Kutapika saa 1 hadi 6 baada ya kula kunanifanya nishuku sumu ya bakteria aina ya stafilokoki, mara nyingi kutoka mikononi mwa mpishi. Saa 12 hadi 48, nawaza norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha. Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku 5.

Hatua ya 4: Waulize na wasiougua

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea. Nilihoji wagonjwa peke yao, karibu wote wakataja nyama, nikaishika nyama. Tuchukue mfano wa kubuni uone tatizo.

Umehoji wahudhuriaji 100, na 46 kati yao wameugua. Waliokula nyama ni 80, wakaugua 38, yaani karibu asilimia 48. Wasioila ni 20, wakaugua 8, asilimia 40. Tofauti ni ndogo. Sasa juisi: walioinywa ni 60, wakaugua 42, asilimia 70. Wasioinywa ni 40, wakaugua 4 tu, asilimia 10. Aliyeinywa alikuwa na hatari mara saba ya asiyeinywa. Nyama ilitajwa na wagonjwa wengi kwa sababu karibu kila mtu aliila, mgonjwa na mzima.

Sasa fuatilia hiyo juisi: nani aliitengeneza, kwa maji gani, na barafu ilitoka wapi. Barafu husahauliwa sana.

Usiulize "ulikula nini?" Watu husahau. Soma orodha ya vyakula kimoja kimoja, kwa maneno yale yale, kwa mgonjwa na kwa mzima. Daktari Mwingereza John Snow alipochunguza kipindupindu cha London mwaka 1854, alishuku pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street, lakini alijiuliza pia kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani nayo walinusurika. Hawakuwa wakinywa maji ya pampu ile.

Hatua ya 5: Zuia, usingoje maabara

Nimeiweka mwisho, lakini kiutendaji inaanza siku ile ile ya kwanza. Simamisha chakula au maji unayoyashuku. Mpishi anayeharisha au kutapika asiguse chakula hadi zipite angalau saa 48 tangu dalili ziishe. Ukishuku norovirusi, sisitiza sabuni na maji tiririka, kwa maana vitakasa mikono vya alkoholi havitoshi, na nyuso za meza zisafishwe kwa klorini.

Kama kilichozuka baada ya mkusanyiko si kuharisha bali ni surua, kazi hugeuka kuwa ya kutafuta watu. Mgonjwa huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baadaye, hivyo uliza alikaa wapi na nani siku zote hizo. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtu kukutana naye, inaweza kumkinga.

Hatua ya 6: Hesabu siku

Mlipuko haujaisha kwa sababu simu zimenyamaza. Kwa surua tunahesabu siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya muda mrefu zaidi ambao dalili huchukua kujitokeza. Akitokea mmoja siku ya 40, unarudi sifuri, na waandaaji wa mkusanyiko unaofuata watakununia.