Kupima na kupunguza gesi ya radoni katika nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Ifikapo Julai, nyumba nyingi za Iringa, Mafinga na Makete hufungwa mapema jioni, na matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha huzibwa kwa matambara ili baridi isipenye. Hali hiyo huipa nafasi radoni ikusanyike ndani. Gesi hii isiyo na rangi wala harufu hutoa mionzi, nayo hutokana na urani, madini ya mionzi yaliyomo kwa asili katika udongo na miamba, hasa graniti, ambayo mkazi wa Iringa huiona kila anapoinua macho. Shirika la Afya Duniani huitaja kuwa kisababishi kikuu cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na kwa mvutaji hatari yake hukadiriwa kuwa mara 25 ya asiyevuta.

Hata hivyo, mwamba ulio nje hauwezi kukuambia kiasi kilichomo chumbani, kwa kuwa nyumba mbili zilizopakana zaweza kutofautiana sana. Ni lazima kupima. Kabla ya kununua chochote, uliza Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye dhamana ya udhibiti wa mionzi nchini, ni kipimo gani kinachoweza kusomwa na maabara gani. Vipo vipimo vya kopo lenye mkaa unaonasa radoni, vinavyowekwa kwa siku chache, lakini radoni hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8, hivyo kopo linalokaa njiani muda mrefu hufika maabara likiwa halina la kusema. Kwa aliye mbali na maabara, napendekeza kile kikopo kidogo chenye kipande cha plastiki kinachohifadhi alama za mionzi, ambacho huachwa chumbani miezi 3 au zaidi. Kukiweka Juni hadi Agosti kutakuonyesha hali ya msimu mbaya zaidi.

Kiweke chumba cha kulala cha chini, angalau sentimita 50 kutoka sakafuni, mbali na dirisha, mlango na jiko, usikiweke bafuni. Andika tarehe ya kukiweka na ya kukiondoa, kisha endelea kuishi kama kawaida. Majibu hutolewa kwa bekereli, yaani kizio cha mionzi, katika kila mita moja ya ujazo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kiwango kisizidi 100, na pale isipowezekana kukishusha hadi hapo, kisizidi 300.

Kiwango kikiwa juu, anza kwa kuzibua matundu ya hewa, jambo lisilogharimu chochote na ambalo hupunguza pia hewa ya sumu ya jiko la mkaa, inayoweza kuua kwa usiku mmoja. Kisha chunguza sakafu. Hewa ya joto inapopanda na kutoka juu, nyumba huvuta hewa ya ardhini kupitia nyufa, maungio ya sakafu na ukuta, na pembezoni mwa mabomba. Usiku washa kijiti cha udi na ukipitishe taratibu kandokando ya ukuta. Moshi ukisukumwa ghafla kuelekea ndani, hapo pana upenyo. Safisha ufa, uupanue kidogo, uujaze saruji au gundi ya kuzibia isiyokauka ikapasuka. Sakafu ya udongo inahitaji kusakafiwa kwanza.

Kuziba peke yake mara nyingi hakutoshi. Dawa ya uhakika ni fundi kutoboa jamvi, yaani zege la sakafu, kupitisha bomba la inchi 4 kutoka kwenye kokoto zilizo chini yake hadi juu ya paa, mbali na madirisha, na kufunga feni ya kunyonya inayofanya kazi mchana na usiku. Feni ikae darini au nje, kamwe isikae chumbani, maana bomba likivuja baada ya feni litamwaga gesi palepale mnapolala.

Anayejenga sasa ana nafuu kubwa: kabla ya kumwaga jamvi, amwambie fundi atandaze kokoto kiasi cha sentimita 10, alaze nailoni nzito juu yake na aache bomba limesimama. Kazi ikishakamilika, pimeni tena chumba kilekile, katika msimu uleule.