Jinsi ya Kutengeneza Kolaji: Gundi Iwe ya Mwisho

Kolaji ni picha inayojengwa kwa vipande vya karatasi, picha zilizochapishwa na vitu vingine vyepesi vinavyobandikwa pamoja juu ya msingi mmoja. Ndiyo kazi yangu ya kila siku. Anayeanza hudhani kazi yenyewe ni kukata na kubandika, akashangaa kusikia kwamba siku nyingi sigusi gundi kabisa. Nakusanya, napanga, nakata, nahamisha vipande, naviacha mezani vilale, kesho yake navihamisha tena. Kubandika kunachukua sehemu ndogo ya muda wote, na wengi huharibu kazi zao kwa kukimbilia kubandika. Hatua ninazozieleza hapa zote zinaelekea kwenye jambo hilo moja: icheleweshe gundi.

Hatua ya 1: Andaa meza

Unahitaji kisu chembamba chenye wembe wa kubadilishwa, mkasi mdogo wenye ncha kali, rula ya chuma (ya plastiki huliwa na wembe), mkeka wa kukatia au kadibodi nene, kibano cha kushikia vipande vidogo, brashi bapa, na vitabu vizito vya kukandamizia. Usibane matumizi kwenye wembe. Ukiona unaanza kuvuta nyuzi za karatasi badala ya kuzikata, ubadilishe hapo hapo. Wembe butu pia ni hatari zaidi kwa vidole, kwa sababu unalazimika kuusukuma kwa nguvu na unateleza.

Kwa msingi, tumia karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, au ubao wa karatasi usio na asidi. Karatasi nyepesi ya daftari itajikunja ukiipaka gundi tu.

Kuhusu gundi, kuwa na aina mbili. Ya kwanza ni gundi nyeupe ya maji ambayo ikikauka hubaki angavu. Inashika vizuri na haraka, lakini ikishakauka haibanduki. Ya pili ni gundi ya wanga wa ngano uliopikwa. Hiyo inakauka polepole, inakupa nafasi ya kusogeza kipande kidogo, na inaweza kulainishwa tena kwa maji. Ndiyo sababu wahifadhi wa nyaraka za zamani huipenda. Gundi ya kijiti inafaa kwa majaribio na kazi za watoto. Kwa kazi unayotaka idumu, kingo zitaanza kuinuka baada ya muda.

Hatua ya 2: Kusanya bila kujua utakifanyia nini

Kusanya kila kinachokushika jicho: majarida, ramani zilizopitwa na wakati, bahasha, tiketi, karatasi za kufungia bidhaa, kurasa za vitabu vilivyokwisha kuchanika. Msanii Kurt Schwitters, mwaka 1919 pale Hannover, Ujerumani, alianza kujenga kazi zake kwa takataka za mjini, tiketi na vipande vya matangazo vikiwemo. Msanii mwingine wa kolaji, Hannah Höch, alifanya kazi katika kampuni ya uchapishaji jijini Berlin, akichora mitindo ya kufuma na kudarizi, na majarida ya kampuni hiyo hiyo yakawa ghala lake la picha. Kila mmoja alichota kwenye karatasi zilizomzunguka. Nawe anza na zilizokuzunguka. Vipande vya maisha yako vitakuwa na sauti ambayo rundo la picha ulizonunua halina.

Tahadhari mbili. Karatasi ya gazeti ina lignini nyingi, kile kitu kinachoupa mti ugumu wake, na ikipigwa na mwanga hugeuka manjano na kuwa kavu. Kama unataka kipande cha gazeti kidumu, kitoe nakala kwa mashine ya leza kwenye karatasi isiyo na asidi, utumie nakala. Nakala za printa ya wino wa maji mara nyingi humwaga rangi zikiguswa na gundi mbichi, kwa hiyo jaribu kwanza pembeni.

Tahadhari ya pili ni haki za wenye picha. Unapojifunza nyumbani, kata unachotaka. Ukitaka kuuza au kuonyesha hadharani, picha ya mpiga picha aliye hai si mali yako kwa sababu tu ulinunua jarida. Sheria zinatofautiana kati ya nchi na nchi, basi uliza. Njia salama ni picha ambazo haki zake zimekwisha. Jumba la makumbusho la Metropolitan Museum of Art la New York lilifungua picha za kazi zake za aina hiyo mwaka 2017 zitumike na yeyote bila kuomba ruhusa, na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ikafuata mwaka 2020. Humo kuna michoro ya mimea, ndege, vitambaa na ramani ya kukutosha miaka.

Hatua ya 3: Panga kwa kazi ya kipande, si kwa jina lake

Hapa nina msimamo mkali. Wengi huweka bahasha ya nyuso, bahasha ya maua, bahasha ya magari. Ukifanya hivyo utajikuta kila ukitafuta uso unapata uso, na kolaji yako itasema kile kile ambacho picha zilikuwa zikisema kabla hujazikata. Mimi hupanga kwa rangi, kwa mguso (laini, chakavu, yenye nukta za uchapishaji), na kwa umbo: vya duara, vya mistari mirefu, vyenye kingo zilizochanika. Ndani ya bahasha moja ya kahawia nyekundu kunakaa shavu la mtu, udongo, ngozi ya kiti na ganda la mti. Ninapohitaji bega, pengine ganda la mti ndilo linalojitokeza, na linakuwa bega bora kuliko bega lenyewe.

Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, ameweka vipande vya majarida ya mitindo juu ya michoro ya zamani ya kitabibu. Vipande vya ulimwengu mmoja na vya ulimwengu mwingine vinakaa kwenye uso mmoja, na anayetazama halazimiki kuchagua. Hilo haliwezi kutokea kama bahasha zako haziruhusu vitu kukutana.

Kazi hii ya kupanga inafaa jioni, mwili ukiwa umechoka na macho hayawezi tena kukata kwa usahihi. Asubuhi, penye mwanga wa dirisha, iachie kisu.

Hatua ya 4: Kata, na pia chana

Unapofuata ukingo wa umbo, zungusha karatasi, si mkono. Mkono wenye kisu ubaki karibu mahali pamoja na mkono mwingine ulete karatasi. Anza na matundu ya ndani, kama nafasi kati ya mkono na kiuno, ukiwa bado na karatasi kubwa ya kushikia. Mzunguko wa nje ukatwe mwisho. Ukikata nje kwanza, kipande kinakuwa legelege na matundu ya ndani yanachanika.

Kuchana kwa vidole ni ufundi wenyewe. Picha iliyochapishwa ina wino juu na weupe ndani. Ukiichana, mojawapo ya vipande viwili hubaki na ukanda mweupe pembeni na kingine hubaki na rangi hadi mwisho. Ni upande upi, hutegemea unavuta kipande kuelekea kwako au kukisukuma mbali. Chukua ukurasa usio na maana, uchane mara moja kwa kuvuta na mara moja kwa kusukuma, uangalie. Ukishajua, ukanda huo mweupe unakuwa mstari unaouchora kwa makusudi: mstari wa wingu, ukingo wa maji, mwanga begani.

Jambo jingine linalopuuzwa ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi za kiwandani zina nyuzi zilizolala zaidi upande mmoja, na zikilowa hutanuka kukatiza nyuzi hizo. Lowesha kidogo upande mmoja wa kipande kidogo: kitajiviringa kama bomba, na urefu wa bomba hilo ndio mwelekeo wa nyuzi. Kwa vipande vikubwa, hakikisha nyuzi za kipande na za msingi zinalala sambamba, la sivyo vitavutana vikikauka na kazi itapinda.

Hatua ya 5: Panga bila kubandika

Hii ndiyo kazi. Weka msingi mezani, anza na vipande vikubwa vya nyuma, kisha vya kati, kisha vidogo. Sogeza. Geuza kichwa chini. Toa unachokipenda zaidi uone kama picha inasimama bila kipande hicho. Mara nyingi kipande kinachotupendeza sana ndicho kinachowanyamazisha wenzake.

Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, baada ya upasuaji wa mwaka 1941 kumdhoofisha, alizidi kuegemea mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akakata maumbo, nao wakayabana ukutani kwa pini wakifuata maelekezo yake: hili juu kidogo, lile liondoke. Maumbo yalihamishwa tena na tena kabla ya kubandikwa. Ukikaribia baadhi ya kazi hizo, matundu ya pini bado yapo. Nawe tumia pini ukutani, au uache vipande vilale mezani huku ukivizuia kwa vipande vya kioo ili upepo usivipeperushe.

Piga picha kila mpangilio kwa simu. Halafu igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi hudanganya, bila rangi utaona haraka kama giza lote limerundikana pembe moja, au kama hakuna mahali pa jicho kupumzika. Angalia pia mwanga ndani ya vipande. Uso uliopigwa mwanga kutoka kushoto ukiwekwa juu ya kiwiliwili chenye mwanga wa kulia, mtazamaji atahisi kuna kitu hata kama hajui ni nini. Wakati mwingine ndicho unachokitaka. Ila uwe umekichagua.

Kisha ondoka. Fua nguo, tembea, pika, lala. Jicho lililotazama kitu kimoja kwa saa nyingi haliwezi kukihukumu. Ukirudi na mkono ukaenda wenyewe kusogeza kipande, bado haijaiva. Ukirudi ukatazama na mkono ukatulia, nenda hatua inayofuata. Kwa kazi ndogo hii inaweza kuwa jioni moja. Kubwa huchukua wiki kadhaa, na kuna zinazokaa ukutani hata miezi.

Hatua ya 6: Bandika

Sasa uwe mwangalifu, maana maji yakimwagika hayazoleki. Piga picha ya mwisho ya mpangilio, kisha kwa penseli nyepesi weka alama za pembe za kila kipande kwenye msingi. Viondoe kwa mfuatano, vya juu kwanza, uvipange pembeni kwa mfuatano huo huo. Utabandika kuanzia cha mwisho kuondolewa.

Laza kipande kifudifudi juu ya ukurasa wa jarida la zamani. Paka gundi kutoka katikati kwenda nje, ukivuka kingo, tabaka jembamba sana. Tupa ukurasa huo wa chini kila baada ya kipande. Gundi iliyobaki juu yake ndiyo inayochafua sura ya kipande kinachofuata. Kiweke kwenye alama, funika kwa karatasi ya nta, sugua kutoka katikati kwenda pembeni kwa kiganja au mgongo wa kijiko. Kiputo cha hewa kikibaki, kitoboe kwa ncha ya sindano, usugue tena.

Hatua ya 7: Kausha na linda

Weka karatasi ya nta juu na chini, kisha vitabu vizito, uache usiku mzima. Ukiona msingi umeanza kupinda kuelekea mbele, bandika nyuma yake karatasi ya uzito unaolingana na uliobandika mbele: mvuto wa nyuma utasawazisha wa mbele.

Ukiiweka kwenye fremu, kioo kisiguse karatasi. Weka ukingo wa kadibodi isiyo na asidi katikati, kwa sababu unyevu ukinaswa kati ya kioo na kolaji, vipande hunata kwenye kioo na haviondoki salama. Usiitundike mahali panapopigwa na jua la moja kwa moja, hata kama ndipo panapopendeza. Wino wa majarida hupauka upesi kuliko karatasi yenyewe. Nyuma andika tarehe, aina ya gundi na vyanzo vya vipande, kwa penseli. Atakayehitaji kuitengeneza siku moja, pengine wewe mwenyewe, atajua aanze na maji au asithubutu.