Mbolea ya serikali ya shilingi 2,500: anza na laini ya simu, si foleni

Kila Machi hapa Trans Nzoia ni ile ile, watu wamejaa kwa depo ya NCPB, ile bodi ya serikali ya nafaka, wanalia meseji ya vocha ya mbolea haijaingia kwa simu, na ukiuliza vizuri unapata shida ilianzia kwa chifu kitambo sana wakati wa kuandikishwa.

Kama hujawahi kujiandikisha nenda kwa chifu na kitambulisho na namba ya simu, watakuuliza shamba liko wapi, ni ekari ngapi na unapanda nini. Hapo kwa ekari ndo uwe macho. Mifuko unayopewa inategemea hiyo namba, kwa hivyo usikubali waandike tu "moja" ju foleni ni ndefu na wewe una tatu, na pia usiongeze za jirani. Mwambie karani akusomee alichoandika.

Halafu laini. Mamangu alikuwa anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la binamu yangu, kabambe yake, ile simu ndogo ya kubonyeza, ikapotea, binamu yuko Mombasa, basi kurudisha hiyo namba ikawa kesi, na jirani wetu ashapanda mpaka mahindi yametokeza. Laini iwe kwa jina lako na kitambulisho chako mwenyewe, hata kama simu yenyewe ni kabambe. Ukibadilisha namba rudi kwa chifu irekebishwe, usingoje mvua.

Ukishakuwa kwa rejista piga *707# ufuate maelezo. Bei tangu Agosti 2023 ni 2,500 mfuko wa kilo 50, kabla ya hapo ilikuwa 3,500, na 2022 kwa agrovet ulikuwa unapita 6,000 kwa hivyo mi silalamiki sana. Pesa iwe kwa simu, na PIN weka mwenyewe. Kuna vijana husimama getini "kusaidia wazee", mzee akipeana simu anarudishiwa vocha ishatumika.

Siku ya kuchukua beba kitambulisho halisi, si picha, na simu ikiwa na chaji. Kabla hujatoka uliza kama aina unayotaka iko, manake unaweza kufika unatafuta DAP ya kupandia upate imebaki CAN tu, na CAN ni ya mahindi yakishafika magoti. Nauli pia ipige hesabu, mfuko mmoja kwa boda kutoka mbali unakula ile faida yote, afadhali mjipange watu wanne watano mkodishe pikapu, ama muulize kama kuna stoo ya ushirika karibu inayotoa.

Baada ya yale mambo ya mbolea feki ya 2024 mi huangalia mfuko hapo hapo kabla haujapanda gari: mshono haujaguswa, maandishi yanasomeka, uzito uko sawa. Ukifika nyumbani ukipata ni kama mchanga usiimwage shambani, weka mfuko na risiti uende kwa afisa wa kilimo wa wadi.