Kangaga la ndani: kinacholiua ni hewa kavu kabla ya kiu

Ikifika Agosti, makangaga yaliyopendeza sebuleni tangu masika huanza kukauka ncha, iwe Mbeya mjini, Makambako au Iringa. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza maji, na akizidisha, mizizi huoza huku majani yakiendelea kukauka. Ninalizungumzia kangaga lile laini, Adiantum, lenye vijiti vyeusi vyembamba kama nywele. Majani yake ni mepesi mno, na hewa ikiwa kavu hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyarudisha. Kwa hiyo mtunzaji aanze na hewa, kisha ndipo ashike kopo la maji.

Tukuyu wana nafuu, kwa sababu mvua na ukungu haviwaachi kwa muda mrefu. Iringa ni kazi zaidi, maana mvua zikikatika mwishoni mwa Aprili au Mei, kiangazi chenye upepo huendelea hadi Novemba. Kunyunyizia majani kwa bomba dogo hakusaidii sana, kwani unyevu huo hukauka upesi. Panga kokoto kwenye beseni pana, tia maji yasifike juu ya kokoto, kisha weka chungu juu yake pamoja na mimea mingine ya ndani. Kwa mmea mdogo, njia ninayoiamini zaidi ni kuuweka ndani ya chombo kikubwa cha kioo au plastiki angavu, mdomo ukiwa wazi kidogo, mbali na jua la moja kwa moja. Bafu lenye dirisha nalo ni mahali pazuri sana.

Dirisha lichague kwa kufuata jua la kwetu huku Nyanda za Juu Kusini. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini, na mvua zikishakatika, anga huwa haina mawingu mengi. Dirisha linalotazama kusini hutoa mwanga wa kutosha bila kuunguza majani. Novemba hadi Januari jua huhamia kusini, basi sogeza mmea nyuma kidogo au teremsha pazia jepesi. Wakati wa baridi ya Juni na Julai usiuache ukigusa kioo usiku, na usiuweke karibu na jiko la mkaa. Jiko hilo ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa watu pia. Tafadhali litoeni nje kabla ya kulala.

Maji: udongo uwe na unyevu siku zote, lakini ukiuminya usidondoshe maji. Pima kwa kidole kila asubuhi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora. Ya bomba yaache kwenye ndoo usiku kucha ndani ya nyumba, yapoteze klorini na ubaridi. Maji yaliyobaki kwenye kisahani yamwage.

Udongo wa shambani wenye mfinyanzi haufai. Changanya mafungu mawili ya mboji ya majani yaliyooza vizuri na fungu moja la pumba za mpunga zilizochomwa hadi zikawa nyeusi; zisiwe majivu, kwa sababu majivu yana chumvi zinazounguza mizizi. Pumba hazikosekani Mbarali na Kyela. Vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe, Ziwa Nyasa, vinapendeza mno, ila havina tundu chini na udongo wa mfinyanzi hunyonya unyevu. Panda kwenye kopo la plastiki lenye matundu, kisha litumbukize ndani ya chungu hicho. Mbolea ya maji tumia nusu ya kipimo cha kwenye lebo, mara moja kwa mwezi wakati wa mvua, udongo ukiwa umelowa. Urea na CAN ziache kwa mahindi.

Mche ununue kitaluni. Kuchimba makangaga kwenye hifadhi za misitu bila kibali ni kosa, na yaliyong'olewa porini mara nyingi hayashiki.

Ukigeuza jani ukakuta vijistari vya kahawia vimejipanga pembeni kwa mpangilio, hiyo ni mbegu ya vumbi ya kangaga lenyewe, si wadudu. Wengi huikimbilia dawa, na dawa ndiyo huunguza majani. Wadudu gamba hukaa ovyoovyo, hata kwenye vijiti, na hubanduka kwa ukucha; wafute kwa pamba yenye maji ya sabuni kidogo.

Likikauka lote, usilitupe. Shina lake hutambaa chini ya udongo na mara nyingi bado li hai. Kata majani yote makavu hadi karibu na udongo, rudisha unyevu taratibu, weka kivulini na usitie mbolea. Joto likiwa zuri, baada ya wiki chache utaona vijani vipya vikichomoza vikiwa vimejikunja. Kukiwa na baridi, vipe muda zaidi.