Miaka sitini ya mashoga wawili ndani ya saa moja na nusu

Ukitaka kutunga mchezo wa jukwaani wa nyimbo kuhusu wanawake wawili walioshibana tangu utotoni mpaka uzeeni, usianze na harusi. Mimi nilianza nayo. Nikaandika harusi mbili, talaka moja na misiba mitatu, kisha nikamsomea mama yangu mdogo akichambua mchele. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa hao wanapendana saa ngapi?" Daftari lile nililichana.

Tafuta kwanza kitu kimoja kidogo ambacho wawili hao hukifanya wakiwa pamoja. Wangu, Mwanaidi na Zuhura, wanacheza mdako. Kishimo mchangani, kokoto kumi na mbili ndani yake, moja inarushwa juu, na kabla haijatua mkono uwe umeshakomba zilizomo shimoni. Mpiga dumbaki wetu, ile ngoma ndogo ya taarabu, alikaa na watoto wa mtaani jioni mbili akisikiliza jiwe linavyopanda kwa kimya na kudakwa kwa kishindo, akarudi na mdundo wa wimbo wa kwanza. Mdundo huohuo unarudi mara nne katika mchezo mzima, kila mara taratibu zaidi. Mkipata kitu cha namna hiyo, nusu ya kazi imekwisha.

Kuhusu muziki, sisi tuko Tanga, kwa hiyo hatukuhangaika kutafuta fidla kumi na qanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa, kama vikundi vikubwa vya Unguja. Vikundi vya hapahapa Tanga, Black Star na Lucky Star, vilishatuonyesha zamani kwamba taarabu inakaa vizuri juu ya magitaa na ngoma chache. Gitaa mbili, besi, kinanda, dumbaki: inatosha. Nyimbo tungeni wenyewe. Ukichukua ya mtu, kuna haki zake za kufuatilia, na tena hadhira itaanza kuimba nayo na kusahau mchezo. Mashairi yafuate mizani, silabi nane kwa nane, maana mwimbaji wa taarabu akikutana na mstari uliopungua silabi huujaza kwa "eee", na hiyo "eee" itakuudhi kila usiku. Wimbo wa mwisho wetu unaanza hivi:

Utotoni tulisoma, na mdako mchangani,
Leo magoti yagoma, kokoto zi mkononi.

Miaka ipite vipi? Msiweke mtu wa kutangaza, "Sasa ni mwaka 1967." Baba yake Zuhura arudi kutoka shamba la mkonge aseme mwenye shamba sasa ni serikali, mzee yeyote ukumbini atajua tumefika wapi. Baadaye iwekwe redio mezani na watu wote waizunguke bila kusema, nayo ni Vita vya Kagera. Kijana asiyejua ataulizia kwa bibi yake aliyekaa pembeni, na minong'ono hiyo mimi naipenda.

Sehemu ya ugomvi ndiyo iliyotutoa jasho. Wengi watakushauri uwagombanishe kwa sababu ya mwanamume. Hapana. Urafiki wa miaka sitini huvunjika kwa kitu ambacho ukikieleza mbele za watu unaona aibu. Wangu waligombana kwa kilo moja ya sukari. Ni miaka ile ya mwanzo wa themanini, duka la ushirika, watu wanapanga mawe kwenye foleni ili wakafanye shughuli nyingine. Mwanaidi anaweka jiwe lake, anakwenda kumnyonyesha mtoto. Anarudi, jiwe halipo, na Zuhura anatoka dukani na kifurushi cha mwisho. Je, Zuhura ndiye aliyeliondoa? Sikuandika jibu. Waigizaji wangu wawili kila mmoja ana jibu lake, na niliwakataza wasiambiane.

Baada ya hapo hawasemeshani miaka kumi na moja. Hapa msiimbe. Tulijaribu wimbo wa majonzi, ukawa mtamu mno, watu wakapiga makofi. Tukaufuta, tukabaki na wanawake wawili wanaofagia nyua zao, mgongo kwa mgongo, mafagio yakikwaruza kwa zamu. Dakika mbili nzima. Ukumbi ulinyamaza kuliko kwenye kifo.

Kuzeesha mtu: msimpake unga kichwani. Wekeni wasichana wawili wa miaka kumi kwa mwanzo, halafu wanawake wawili wazima wabebe yote yaliyobaki. Uzee uonekane katika kukaa. Mwambie mwigizaji ashike kwanza kiti, kisha goti, kisha ndipo ashuke. Kanga nayo ina umri wake. Akiwa msichana aifunge kifuani kwa haraka, akiwa bibi aitupie mabegani na asiirekebishe. Na mpiga kinanda ashushe wimbo kidogo kila unaporudi, ili sauti ya mwisho itoke kifuani hasa.

Jambo moja hakuna kitabu kitakachokuambia: tuzo. Hadhira ya pwani ikisikia taarabu inanyanyuka kutuza. Onyesho letu la kwanza, Mwanaidi yuko kitandani anakata roho, mama mmoja akapanda jukwaani kwa madaha, akicheza, akambandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso. Marehemu akasema, "Ahsante, dada." Sasa kila wimbo una mahali ambapo vyombo vinazunguka bila maneno, watu watuze washuke, na bakuli la tuzo liko ukingoni mwa jukwaa. Kwenye kifo hatupigi chombo chochote. Bila ngoma hakuna anayenyanyuka.

Kibali kachukueni mapema kwa afisa utamaduni wa wilaya, mkiwa na muhtasari wa ukurasa mmoja. Kwenye bango tuliandika "Chanda na Pete" badala ya "Mashoga", maana vijana wa siku hizi neno hilo wanalicheka, ingawa mama zao wanaitana hivyo kutwa nzima barazani. Ndani ya mchezo tumeliacha.

Na kokoto zihesabuni kila baada ya onyesho. Watoto wa mstari wa mbele huondoka nazo.