Kukokotoa Sitiari kwa Mkono: "Shemeji Yangu ni Kupe"

Anayesikia "Shemeji yangu ni kupe" haendi kumtafuta shemeji huyo kwenye ngozi ya ng'ombe. Modeli iliyotolewa mwaka 2014 na watafiti Justine Kao, Leon Bergen na Noah Goodman inaeleza kwa hesabu jinsi msikilizaji anavyoifikia maana, na hesabu yenyewe inaenea kwenye lahajedwali moja.

Hatua ya kwanza, andika anachokiamini msikilizaji kabla ya kusikia neno: uwezekano wa 0.99 kwamba shemeji ni mtu na 0.01 kwamba ni kupe kweli. Kisha uwezekano wa kuwa mnyonyaji, 0.2 kwa mtu na 0.9 kwa kupe. Namba hizi ni zangu za mfano. Katika utafiti waulize watu, wala usishangae Watanzania waliokulia enzi za Ujamaa, ambapo mnyonyaji aliitwa kupe waziwazi, wakakupa namba kubwa zaidi.

Hatua ya pili, mtengeneze msikilizaji asiyejua mafumbo. Akiambiwa "kupe", anaamini unyonyaji kwa 0.9, akiambiwa "mtu", kwa 0.2.

Hatua ya tatu ni ya msemaji, anayechagua neno kwa kumfikiria msikilizaji huyo. Akilenga kueleza tabia, mnyonyaji atamwita "kupe" kwa 0.9 ÷ (0.9 + 0.2), yaani 0.82, na asiye mnyonyaji kwa 0.1 ÷ (0.1 + 0.8), yaani 0.11. Akilenga kueleza aina ya kiumbe, mtu atamwita "mtu" na kupe atamwita "kupe", basi.

Hatua ya nne, msikilizaji halisi anairudia njia hiyo kinyumenyume. Kwa kuwa halijui lengo la msemaji, kila lengo lipe 0.5. Mtu mnyonyaji anapata 0.99 × 0.2 × (0.82 ÷ 2), yaani 0.081, fanya hivyo kwa mtu asiye mnyonyaji na kwa kupe wa aina zote mbili (kwa kupe jumlisha pia 1 ÷ 2 ya lengo la aina ya kiumbe, ambalo kwa mtu ni sifuri), kisha gawanya kila jibu kwa jumla yao, 0.134. Shemeji anabaki mtu kwa asilimia 93, na unyonyaji wake umepanda kutoka asilimia 21 hadi 67.

Sasa lifute lengo la tabia, ubakize la aina ya kiumbe peke yake: shemeji anakuwa kupe kwa asilimia 100, miguu minane na yote. Sitiari nzima ilikuwa imeshikiliwa na lengo hilo.

Ukizipandisha namba za hatua ya tatu kwa kipeo cha 3 kabla ya kugawanya, unyonyaji unaruka hadi asilimia 99. Inapendeza machoni, lakini mimi sikigusi kipeo hicho kabla ya kuwa na majibu ya watu halisi ya kulinganisha nayo.